Altezza ya Tegeta na pedi za mbio zilizogoma kushika Mwenge

Kijana aliingia gereji Jumatatu saa tisa alasiri. Gari aliliacha kando ya barabara, taa za hatari zinawaka, akaja kwa miguu. "Shikamoo mzee. Naomba uniangalie breki kabla sijaua mtu." Nikaitikia, nikamwambia aliingize kwa gia ya kwanza, taratibu, mimi natembea mbele yake. Tukio lilikuwa la alfajiri lakini mikono yake ilikuwa bado haijatulia kwenye usukani.

Gari ni Toyota Altezza RS200, injini ya lita mbili, gia sita za mkono. Kijana anaishi Tegeta, Dar es Salaam, na kazi yake iko Posta, kwa hiyo siku tano za wiki gari hilo linakula foleni ya Barabara ya Bagamoyo, Mwenge, Morocco, mpaka mjini. Mara mbili au tatu kwa mwaka yeye na wenzake hukodi eneo la lami lililofungwa nje ya jiji, wakaendesha kwa zamu, dakika kumi na tano kila mtu. Huko ndiko mambo yalikoanzia.

Kisa hiki nakiandika kirefu kwa sababu kina makosa mawili, na la pili lilizaliwa na la kwanza. Tena swali lililomponza ndilo ninaloulizwa karibu kila wiki kuhusu pedi, vile vipande vinavyobana diski ya gurudumu ukikanyaga breki: "Mzee, pedi kali ni ipi?"

Alivyonisimulia ni hivi. Jumamosi ya mbio, mzunguko wa nne, mwisho wa sehemu iliyonyooka, alikanyaga breki na pedali ikazama karibu na sakafu. Akaikanyaga haraka haraka mara tatu, ikapanda kidogo, gari likaenda kusimama kwenye majani. Hakuumia mtu. Wakaliacha lipoe kama saa nzima, pedali ikarudi kama kawaida, akaendesha mpaka nyumbani bila shida. Wenzake wakamwambia pedi zake ni za kwendea sokoni, atafute za mbio. Alhamisi akapita Kariakoo, akapata seti iliyotolewa kwenye gari lililokatwa kutoka Japani, bado nene, maandishi ya Kijapani mgongoni. Akafungiwa kwa nusu saa. Tangu hapo zikawa zinapiga kelele kama mlango wa chuma, naye akaamini ndiyo dalili ya ukali.

Jumatatu alitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu kukwepa foleni. Mvua ya masika ilikuwa inanyesha. Barabara nyeupe, hakuwa na sababu ya kugusa breki kwa kilomita kadhaa. Akitoka Lugalo kuelekea taa za Mwenge, taa ikawaka nyekundu, mbele yake kuna bajaji yenye watoto wawili wa shule. Alikanyaga. Pedali ilikuwa juu, ngumu, nzuri kabisa, na gari halikushika. Alisema ni kama alikanyaga tofali. Akakanyaga kwa nguvu zote mbili, za mguu na za woga, na likasimama akiwa ameachana na bajaji upana wa kiganja. Mtoto mmoja aligeuka kumtazama. Hilo ndilo alilolirudia mara nyingi kuliko mengine yote: yule mtoto aligeuka.

Kabla sijafungua tairi hata moja nilimuuliza jambo moja: "Siku ya mbio, pedali ilikuwaje chini ya mguu wako? Ngumu, au laini?"

Akasema laini, ilizama. Na Mwenge? Ngumu.

Kwa fundi wa breki hayo ni majibu mawili ya maradhi mawili tofauti kabisa, na ninasikitika kwamba hakuna aliyemuuliza kabla hajatoa pesa mfukoni. Pedi ikipata joto kupita uwezo wake, gundi inayoshikilia mchanganyiko wa pedi inaanza kuungua na kutoa gesi, na gesi hiyo inajipenyeza kati ya pedi na diski. Mguu unakuta pedali juu palepale, ngumu, lakini gari linateleza mbele, na harufu kali inaingia ndani. Walioshuka Mlima Kitonga nyuma ya malori wanaijua harufu ya breki zilizopata moto. Mafuta ya breki yakichemka ni habari nyingine. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana yanasafirisha nguvu ya mguu mpaka kwenye kalipa, kile chuma kinachozisukuma pedi zibane diski. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unasukuma, unasukuma, pedali inazama, nguvu yote inaishia kubana povu.

Hapa pana mtego unaowapata wengi. Mvuke ule ukipoa unarudi kuwa maji. Baada ya saa moja chini ya mwembe pedali inapanda na kila mtu anaona gari limepona. Ukimpelekea fundi kesho yake, hakuti dalili yoyote mguuni. Kwa hiyo lawama inahamia kwenye kitu kinachoonekana, na kinachoonekana ni pedi.

Bahati nzuri pedi za zamani alizihifadhi kwenye buti, amezifunga gazeti. Nikazipanga mezani. Zilikuwa na milimita sita zimebaki. Uso ulikuwa mkavu, haung'ai kama kioo, haujapasuka, kingo hazijamomonyoka. Pembeni kulikuwa na rangi ya majivu, ndogo, upana wa uzi, mahali joto lilipoanza kuila gundi. Yaani zilifika mlangoni lakini hazikuingia. Pedi iliyokufa kwa moto haifanani hivyo.

Nikaenda kwenye mafuta. Nilichomeka mpira kwenye nipeli, ile chuchu ya kutolea mafuta, ya kalipa ya mbele kushoto, nikaulaza mwisho wake kwenye chupa safi ya maji ya kunywa, msaidizi wangu akakanyaga. Mafuta mapya ya breki yana rangi ya asali nyepesi, unaona mwanga kupitia chupa. Yaliyotoka pale yalikuwa chai ya rangi iliyokaa jikoni tangu asubuhi, na chini ya chupa yakaacha vumbi jeusi la mpira. Kijana alinyamaza. Nikamuuliza yalibadilishwa lini. Hajui. Gari lilipofika bandarini aliongezea mara moja kwenye kopo la juu, basi.

Mafuta haya kwa asili yanafyonza unyevu. Hata mfumo ukiwa umefungwa, unyevu unapita polepole kwenye mipira, na Dar es Salaam unyevu ndio hewa yetu. Kwa madaraja ya DOT yanayoandikwa kwenye kopo la mafuta ya breki, DOT 4 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishaingiwa na maji, hata chini ya asilimia 4 tu, kiwango kinachodaiwa kinashuka mpaka 155. DOT 3 ni 205 ikiwa mpya na 140 ikishanyonya. DOT 5.1 ni 260 na 180. Kwa hiyo kopo zuri lililozeeka ndani ya gari linaweza kuwa dhaifu kuliko kopo duni lililofunguliwa leo. Hayo yaliyotoka kwenye Altezza hayakuhitaji mashine kuyahukumu.

Na kulikuwa na la tatu, ambalo hakuna aliyelifikiria. Gurudumu la nyuma kulia, pini moja ambayo kalipa inateleza juu yake ilikuwa imekwama kwa kutu. Niliitoa kwa nyundo ya shaba. Pedi ya ndani ilikuwa imelika upande, ya nje karibu nzima. Maana yake breki ya nyuma ilikuwa inafanya nusu kazi, na mzigo ulihamia mbele, ambako tayari ndiko sehemu kubwa ya kazi hufanyika gari linapoinamisha pua. Kama unakaa Tegeta, Mbezi Beach, Kunduchi au Kigamboni, chumvi ya bahari inakula pini hizo kimya kimya. Mimi huzitoa na kuzipaka grisi ya breki kila ninapobadilisha pedi, hata kama mteja hakuomba.

Sasa hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu hii uchaguzi wa pedi unabaki ushabiki. Altezza hii na dereva na wese ni kama kilo 1,450. Ukilitoa kwenye kilomita 140 kwa saa mpaka 60, breki zinameza kama kilojuli 900. Kwa lugha ya jikoni, joto hilo linatosha kuchemsha karibu lita tatu za maji ya bomba. Kila mkanyago, kwa sekunde nne hivi, na kwenye eneo lao anakanyaga hivyo mara nne kwa mzunguko. Kwenye foleni, kusimama kutoka kilomita 40 ni kama kilojuli 90: kikombe kimoja cha chai. Mwendo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Kwa maneno mengine gari moja linaishi maisha mawili, na pedi lazima ujue inakwenda kuishi yapi.

Pedi za kawaida za barabarani zinashika tangu asubuhi zikiwa baridi kabisa, na zinaanza kulegea kwenye nyuzi 300 na kitu mpaka 350. Pedi za mbio halisi zimepikwa kwa ajili ya joto. Nyingi zinataka nyuzi 150 au 200 ndipo ziamke, na zikiamka zinavumilia mpaka 600, 700. Chini ya hapo hazishiki sawasawa, zinakwaruza diski kama msasa, zinalia. Alfajiri ile, Tegeta mpaka Lugalo bila kugusa breki, mvua inamwagia diski, upepo unapuliza, pedi zile zilikuwa na joto la mvua yenyewe. Hazikuwa mbovu. Zilikuwa usingizini. Na kilomita zote alizotembea tangu Alhamisi hazikuziamsha hata mara moja, kwa hiyo hazikuwahi kuacha ule utando mwembamba wa pedi juu ya diski ambao ndio unaoshikana na pedi na kuleta breki nzuri.

Kelele si ukali. Nilimwambia hivyo na narudia hapa.

Wengi wananiuliza juu ya herufi mbili zinazochapwa ubavuni mwa pedi, kama EE, FF, GF. Ni kitu cha kweli. Ni mfumo wa Marekani: E ni kipimo cha msuguano cha 0.25 mpaka 0.35, F ni 0.35 mpaka 0.45, G ni 0.45 mpaka 0.55. Herufi ya kwanza ni ya joto la chini, ya pili ni ya joto la juu. Mtu akiona GG anadhani amemaliza kazi. Lakini hilo "joto la chini" la kwenye maabara linaanza kwenye nyuzi 90 na kitu, na "la juu" linakomea kama 340. Alfajiri ya mvua Mwenge iko chini ya herufi zote mbili, na mzunguko wa nne uko juu ya zote mbili. Mimi natumia herufi hizo kukataa pedi, sitegemei kuchagua kwazo. EE kwa gari kama hili siweki. Na pedi isiyo na herufi wala namba, kwenye boksi linalong'aa lenye nembo ya kampuni kubwa, nairudisha dukani. Ulaya wana utaratibu wao, R90, unaodai pedi mbadala isipishane na ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Ukiona alama ya E ndani ya duara na namba inayoanza na 90R, hiyo kwa matumizi ya barabarani ina maana kubwa.

Tukakaa kwenye benchi kujadili afanye nini. Njia ya kwanza ilikuwa kurudisha pedi zake za zamani, mafuta mapya, pini iliyofunguka, basi. Kwa haki, hizo pedi hazikuwa na kosa. Lakini ile rangi ya majivu ilinizuia. Mafuta yakishakuwa imara, atapata ujasiri, atakanyaga kwa kuchelewa zaidi, na kinachofuata kuchoka ni pedi. Ukiimarisha pingili moja ya mnyororo, jiandae na iliyo jirani yake.

Njia ya pili ni seti mbili: za barabarani kwa wiki, za mbio anazifunga asubuhi ya siku ya mbio na kuzitoa jioni. Kwa dereva wa kasi kubwa hii ndiyo njia safi, na sina ubishi nayo. Ila ina masharti. Kila aina ya pedi inaacha utando wake kwenye diski, na ukifunga pedi ya aina nyingine juu ya utando usio wake, unapata mtikisiko kwenye usukani na breki ya kubahatisha mpaka utando mpya ukae. Wengi wakisikia mtikisiko huo husema diski imepinda na kukimbilia kuichonga, wakaipunguza unene bure, na diski nyembamba inapata moto haraka zaidi. Mwenye seti mbili za pedi anatakiwa awe na seti mbili za diski. Na jioni ya siku ya mbio, amechoka, giza linaingia, kweli atakaa chini abadilishe kabla ya kurudi mjini? Nilimuuliza kijana anijibu kama anavyomjibu mama yake. Akasema hapana, angerudi nazo.

Kwa hiyo tukaenda njia ya tatu, pedi za kati. Zipo zilizotengenezwa makusudi kwa gari la barabarani linaloguswa na mbio: zinashika zikiwa baridi na zinavumilia mpaka karibu nyuzi 500. Zinatoa vumbi jingi zaidi, zinakula diski kidogo zaidi, na asubuhi ya kwanza zinaweza kulia. Kwa mtu anayefika 140 na kukimbia dakika kumi na tano, zinatosha. Kwa anayefika 200 zisingetosha na nisingemwambia zinatosha.

Nilisisitiza aweke aina moja mbele na nyuma. Watu huweka kali mbele peke yake, breki za nyuma zikabaki abiria. Wengine, hatari zaidi, huweka kali nyuma, na siku ya mvua gari linageuka lenyewe.

Kazi ilichukua siku nzima. Nilisukuma mafuta yote ya zamani yatoke, kuanzia gurudumu la mbali kumalizia la karibu na dereva, mpaka chupa ikawa na rangi ya asali magurudumu yote manne. DOT 4 kutoka kwenye kopo lililofunguliwa mbele yake, kwa sababu kopo lililokaa wazi rafuni limeshaanza kunywa unyevu. Lita moja haizidi sana bei ya kuku wa kienyeji, na ndiyo iliyokuwa dawa ya tatizo lake la kwanza. Vumbi la breki nililifuta kwa kitambaa chenye maji. Vijana gerejini, naomba sana, msilipulize kwa kompresa. Pedi za zamani zilikuwa na asbesto na kwa spea zisizojulikana zinakotoka huwezi kuapa kwamba hazina. Mapafu hayana spea.

Jumapili alfajiri tulitoka wawili, tukapita Bunju, barabara haina watu. Kutoka kilomita 70 mpaka 20, mkanyago wa wastani, bila kusimama kabisa, mara nane, kati ya mkanyago na mkanyago unaliacha gari liende. Mara ya sita harufu ikaja, ya saba pedali ikawa inajibu mguu kwa namna nyingine, karibu zaidi. Kisha dakika ishirini za mwendo wa kawaida bila breki ili zipoe. Tulipofika mahali pa kugeuzia nilimzuia asikae amekanyaga pedali gari limesimama, kwa sababu pedi ya moto ikibanwa sehemu moja ya diski inaacha alama yake pale. Diski zilitoka na rangi ya kijivu iliyoenea sawasawa, kama sufuria iliyosuguliwa na mtu mwenye subira. Tulirudi mvua ikinyesha, na Tegeta nilimwambia akanyage ghafla, nyuma hakuna gari. Mkanda ulinivuta kifuani.

Siku ya mbio iliyofuata nilikwenda naye, na kipima joto changu cha kuelekeza mwanga. Aliporudi baada ya mzunguko mmoja wa kupoza breki, diski ya mbele ilisoma nyuzi 280, kwa hiyo kule kwenye kona ilikuwa juu zaidi ya hapo. Pedali yake ilizama kidogo tu kuliko asubuhi. Nilimshauri apunguze zamu mpaka dakika kumi na mbili na asitumie breki ya mkono akiegesha gari la moto, aweke jiwe kwenye tairi. Wiki hiyo nikabadilisha mafuta tena, ingawa rangi ilikuwa bado nzuri. Sasa anaulizia tairi pana zaidi. Tairi ikishika zaidi, breki zinafanya kazi zaidi, na hesabu ya lita tatu za maji inabadilika, kwa hiyo tumekubaliana tairi zisubiri mpaka tupime pedi hizi zimelika kiasi gani.

Zile za mbio alitaka kuziuza apate chochote, kuna rafiki yake wa Sinza mwenye gari kama lake alishazitolea bei. Nilimkumbusha yule mtoto kwenye bajaji. Akanikabidhi. Nilizibana moja moja kwenye jiliwa na kukaza mpaka bamba la nyuma likapinda, zisiweze kuingia kwenye kalipa yoyote, kisha nikazitia kwenye pipa la chuma chakavu.